Nafasi Mbili

Ilikuwa Februari, Ostrava, saa nane za usiku,
theluji imegeuka tope jeusi kwenye reli za tramu,
nami niko ghorofa ya chini ya hospitali
pamoja na seva mia tatu na kumi na mbili
na chai iliyopoa zamani.

Kazi yangu ni kuandika matakwa, si amri.
Siiambii mashine fanya hivi, kisha vile;
naiambia: nataka asubuhi ikukute hivi.
Mlango huu umefungwa. Saa yako sahihi. Nakala ya akiba ipo.
Chombo kinapita, kinabisha hodi, kinatazama;
penye upungufu kinajaza,
pasipo upungufu kinasalimu na kwenda zake.
Ukikituma mara ya pili hakiharibu kitu:
kinarudi na mistari ya kijani, hakuna kilichobadilika.
Laiti ningeweza kumpenda mtu hivyo.

Chombo hicho ni huria, jina lake Vrabec, yaani shomoro,
na sehemu ya akiba ilikuwa mikononi mwa Vendelín,
mhasibu wa kiwanda cha jibini kule Olomouc,
aliyeitunza miaka kumi na mmoja, baada ya chakula cha jioni,
bila senti.
Sikupata kumwona. Namjua kwa nukta zake:
hakuwahi kuacha sentensi wazi.

Usiku ule shomoro alianguka.
Mistari myekundu, seva baada ya seva,
wodi ya watoto, maabara, benki ya damu,
kila moja ikisema: sielewi ulichoandika.
Nikasoma faili mpaka herufi zikaanza kutembea kama sisimizi.

Kumbe mtu alikuwa ameshaona.
Ximena Choque, mwanafunzi, Oruro, Bolivia,
ambako usiku ulikuwa bado mchanga,
alituma marekebisho siku sita nyuma:
nafasi mbili.
Si neno, si herufi. Weupe mdogo mwanzoni mwa mstari,
utupu unaoiambia mashine
nani ni mtoto wa nani.

Vendelín alimjibu: Asante. Ongeza jaribio.
Akaongeza. Jaribio halitoshi. Akaongeza.
Badilisha jina hili. Akabadilisha,
na chini yake akauliza: kuna siku utaridhika?
Kisha kimya.
Chini ya kimya hicho kampuni moja yenye mashine elfu tisa
iliuliza lini, ikauliza tena lini,
kama mdeni anayemfokea mdai wake.

Nikazichukua nafasi za Ximena, nikazipandikiza kwa mkono.
Kijani. Kijani. Benki ya damu, kijani.
Juu yangu watu walilala hawana habari,
na ndivyo inavyopaswa.

Alfajiri Vendelín aliandika:
Mke wangu amelazwa tangu Januari. Sina nafasi tena.
Ximena, ulikuwa sahihi tangu mara ya kwanza. Funguo nimekupa.

Sina nafasi. Nililitazama neno hilo kwa muda mrefu.
Miaka kumi na mmoja alitugawia,
akabaki bila hata mbili za kuanzia mstari wake.

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sijui kama alipona. Najua mgeni alikuja,
jina la Vendelín bado liko juu ya faili, mstari wa tatu,
na Ximena anapokataa kazi ya mtu huanza na Asante,
kisha nukta.

Miaka saba nimemtuma shomoro, sijawahi kumpa punje.
Jumapili nilifungua mwongozo wake,
ukurasa wa akiba, mahali palipoandikwa "nakili" mara mbili mfululizo.
Nikafuta moja. Mikono ilinitetemeka, kwa neno moja,
mimi ninayezima na kuwasha hospitali nzima.

Nikaenda kumenya viazi.
Niliporudi Oruro ilikuwa imejibu:
Asante. Hii haihitaji jaribio.
Una nafasi ya kutazama nyingine?