Hesabu ya Jioni

Kila jioni, kabla ya kushusha komeo,
baba alituhesabu.
Kabula, moja. Limi, mbili.
Mayala, ndiye mimi wa mwaka wa njaa, tatu.
Sundi, nne. Ng'walu mgongoni kwa mama, tano.
Kisha alinyamaza kidogo, kiganja juu ya mlango,
akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: sita.
Ndipo komeo liliposhuka.

Sengerema nzima walimwita Koplo,
hata padre, hata wenye maduka waliomdai.
Mguu wake wa kushoto ulirudi na chuma ndani,
na mvua ikinyemelea kutoka ziwani
goti lilijua kabla ya redio.
"Anueni michembe," alisema juani,
majirani wakacheka,
kisha wakakimbilia majamvi yao.

Saa kumi na moja alfajiri aliamsha kigango:
rimu ya lori kwenye mnyororo, nondo mkononi,
mapigo matatu, kimya, mapigo matatu.
Jumapili alisoma kidole kikifuata mstari,
akikwama kwenye majina ya wafalme wa Yuda
kama gari kwenye tope;
alishuka, akasukuma, akapita.

Vita hakuvisimulia.
Tulitaka mizinga, akatupa viatu:
jinsi buti likilowa halikauki siku tatu,
jinsi ya kulala umelikumbatia
kama kuku wa kuazima.
Basi. Kagera nzima, nyumbani kwetu,
ilikuwa jozi moja ya viatu.
Nishani ilikaa kwenye kopo la mafuta ya kupikia
pamoja na kadi zetu za kliniki,
na kadi ndizo zilizokuwa juu.

Nilipofika darasa la sita alinituma Kome
na debe la michembe.
"Ukishuka kivukoni, uliza kwa mama yake Lusangija.
Usirudi na debe. Usirudi na asante."

Bibi alikuwa akianika dagaa juu ya jabali.
Aliniinua kidevu, akaniita jina lisilo langu.
"Umechelewa," alisema.
Sikumsahihisha.
Nilikula ugali wake wa muhogo, nikaitikia jina lile
hadi karabai za wavuvi zikawaka majini,
na usiku maji yalidondokea sufuria
karibu na kichwa changu, tone, tone.
Asubuhi, nikiwa katikati ya ziwa,
nilijua sita ni nani.

Baba aliuliza neno moja tu:
"Paa linavuja?"
Linavuja.
Pensheni ya mwezi ule ikawa mabati manne,
ada ya Kabula ikasubiri,
na mama alisema maneno, ndiyo, aliyasema,
yetu haikuwa nyumba ya malaika.
Kisha akamfungia misumari kwenye pindo la kanga.

Alikufa Februari, ameketi kitandani,
kiatu kimoja kimefungwa kamba, kingine bado.
Siku hiyo kigango kizima kilichelewa kuamka.

Usiku wa tatu, wageni wameondoka,
masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe,
mama alisimama mlangoni, kiganja juu,
hakufunga.
Tulitazamana kama kuruta,
watu wazima, Kabula na mvi zake.
Moja, alisema Kabula.
Mbili. Tatu. Nne.
Ng'walu akaimeza tano, akaitema tena.
Sita, tulisema wote.

"Bado," alisema mama.

Mbwa wa jirani alibweka, akaacha.
Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitaja namba ile.
Tulilala mlango wazi, mbu wakijilia,
hadi alfajiri rimu ilipolia.
Sundi alikuwa ametoka bila kuaga,
na kwa kukosa mazoea
aligonga matatu, kimya,
akagonga manne.