Nyota Ukumbini

Bi Somoe ni mualishi. Mkomani nzima
humjua kwa kisigino: ko, ko,
kisha hodi.
Hasemi "nyumba hii mwaitwa." Asema
Mwanasiti, Zuhura, mkewe Twaha,
na yule mgeni wenu wa Siyu,
jina kwa jina, hata vidole vimwishie.

Kompyuta yangu ya Langoni kana kwamba amelea yeye.
Nikiandika nakili nyota,
kuna ganda, bawabu wa amri,
huishika nyota pale pale ukumbini
akaifumua ikawa majina,
na amri yenyewe huko ndani
haijui kamwe kuwa nilikuwa mvivu.

Ya ndugu yangu Badi ni nyumba nyingine.
Kule nyota huvuka kizingiti nzima nzima,
kila amri ijitafutie wa kuita.
Nyingine zajua. Nyingine huikodolea mato
kama mtu aliyepewa barua na kusoma hajui.
Kule Zuhura na zuhura ni mtu mmoja;
kwangu ni wawili, wala hawajuani.

Picha za usiku wa kupamba, wanawake peke yetu,
nywele wazi, Rukia akicheka kwa meno yote,
nilizitilia nukta mwanzo wa jina.
Kwangu nukta ni pazia:
nyota hupita, wa ndani haimwoni.
Nikampa Badi diski achukue za bwana harusi,
nikalala.

Badi akaandika nyota, nukta, nyota.
Kwake hiyo ni kauli ya tangu zamani,
maana yake wote:
asiye na nukta, mwenye nukta mbele, wote.
Pazia langu likawa kitone cha wino.

"Dada, ndoo. Nimefunika kompyuta.
Nimeona jina moja tu. Sikufungua."
Nilikwenda mbio, ndara mguu mmoja.

Bi Somoe hakunikaripia. Aliuliza,
"Na nyumba ikiwa haina mtu, nyota yako hufanyaje?"
Nikamwonyesha. Folda tupu. Unda nyota.
Ganda likapiga hodi, halikupata wa kumtaja,
likaipitisha nyota kama ilivyo,
na humo ndani ikazaliwa faili moja,
jina lake: nyota.
Alicheka hata buibui likamwanguka begani.
"Umealika mwaliko wenyewe! Haya, upe kiti."

Kuutoa ndiyo kazi, nikamwambia.
Sharti niufunge ndani ya alama za kunukuu;
nikiuita hivi hivi kwenye nyumba yenye watu,
huondoka nao wote.
Hapo hakucheka.

Za Rukia nimezihamisha kwa mkono, moja moja,
mia na kumi na saba.
Kwenye ya arubaini vidole viliniuma
nikaitazama ile alama juu ya nane.
Nje kichochoroni, ko, ko,
mtu alikuwa ameshafika nyumba ya pili.