Gari la Arobaini na Moja

Jumanne, mwisho wa Februari, kahawa haijachemka,
akaingia mwanamke wa benki, theluji mabegani,
kibao cha kuandikia kwapani.
"Nimekuja kuhesabu."
Hakupiga simu. Hawapigi.

Miaka kumi na tisa nimeshika daftari za Verlyn Oftedahl
hapa Dakota ya Kaskazini, ambako upepo haukuti mti wa kuugombeza.
Wapita njia hupunguza mwendo, husema:
tajiri yule, tazama magari yake!
Nami hunyamaza.
Yake ni bendera, taa za kiwanja, na mbwa.
Magari ni ya benki, Minneapolis:
kila tairi, kila kioo,
hata ile harufu ya upya inayowalewesha wateja.

Gari likishuka kwenye lori la kiwanda
benki hukilipa kiwanda siku ileile,
na riba huanza kutembea.
Riba haijui Jumapili.
Theluji ikifunika kiwanja tukafunga mapema,
yenyewe huko chini inatafuna,
taratibu, kama panya aliyepata ghala.

Lile jekundu lisilo na paa,
Verlyn aliliagiza Agosti, siku aliyoamka na furaha.
Leo lina siku mia mbili na kumi na moja.
Mara mbili benki imetaka tupunguze deni lake,
mara mbili tumekopa kwingine tukapunguza.
Mimi naliita Mkwe:
linakula, haliondoki.

Roxanne (jina lake nalijua, na la pacha wake pia)
alifuta vioo kwa glavu,
akasoma namba za chesisi kwa sauti,
tarakimu kumi na saba kila gari,
mvuke ukimtoka kinywani kama birika.
Akafika arobaini.
Akarudi mwanzo, akazunguka tena.
Arobaini.
Karatasi yake ilisema arobaini na moja.

"Pikapu ya kijivu iko wapi?"
Verlyn akamkuna mbwa sikioni.
"Imekwenda kujaribiwa."

Kujaribiwa!
Hegstad, mkulima wa ngano, aliinunua,
akaweka hundi mezani, akapiga honi mara mbili akiondoka.
Hadi sasa anabebea mbegu na wajukuu,
hajui kwamba kadi ya gari lake
bado imelala kwenye kabati la benki,
ikisubiri fedha ambazo hatukupeleka.
Kwa mkataba, gari likitoka, deni lake nalo litoke.
Gari likitoka deni likabaki,
hapo wanasheria huchagua maneno,
na yote yana maana ya wizi.

Fedha zilipita mikononi mwangu.
Nilizigawa mwenyewe, kwa kalamu ya buluu:
fundi breki, kijana wa kuosha,
bili ya umeme yenye mstari mwekundu,
na hundi moja yenye jina langu.
Nilinunua dawa za mama
na buti hizi, zenye manyoya ndani.
Nguo ya kuazima haisitiri matako, tunaambiwa.
Kuhusu buti hakuna aliyesema neno.

Roxanne akaacha kumtazama Verlyn.
Akanigeukia mimi, kwa upole, na hapo ndipo palipouma.
"Inajaribiwa tangu lini?"
Theluji ilikuwa ikiyeyuka kwenye buti zangu,
ikichora ramani zuliani.

"Tangu Ijumaa ile," nikasema.
"Siku ya mishahara."