Sufuri Niliyompa Shitsama

Mvua imekatika saa kumi.
Msitu wa Kakamega bado unadondoka,
jani hadi jani, hadi shingoni mwangu.

Kuna mlio. Kama bawaba kavu,
kama nyenje aliyepata mafua.
Si nyenje. Napiga magoti, napekua
majani ya mukumari yaliyooza nusu,
nami namwona: chura,
mdogo kuliko kifungo cha koti,
rangi yake rangi ya kutoonekana,
kidole kimoja kirefu kupita vingine,
kama cha mtoto anayeomba ruhusa darasani.

Hana bwawa. Mto Isiukhu haumhusu.
Mayai yako papa hapa, udongoni,
meupe kama chenga za mchele.
Nasogeza tochi:
ndani, miguu. Minne. Imekunjwa.
Hakuna mkia wa kuogelea, hakuna kiluwiluwi.
Atatoboa, ataruka, chura kamili
asiyemzidi siafu,
na siafu, ole wake, wako njiani.

Miaka kumi na tisa nilichora ubaoni:
yai, mshale, kiluwiluwi, mshale, chura.
Shitsama, mchelewaji, mwokota kuni wa humu humu,
akaandika kwenye mtihani:
*Mwingine huzaliwa na miguu, mwalimu. Nimemwona.*

Nilimkata kwa wino mwekundu.
Sikumuuliza wapi.

Siku hizi anaponda kokoto Khayega, nasikia.

Narudisha jani, upande uleule,
unyevu wake chini.
Kidole kile bado kimenyooka.
Sema, namwambia.
Sema.