Ngazi ya Ochwo

Saa kumi na moja alfajiri, jogoo wa Nyachwo hajakohoa,
simu ya bosi: "Ochwo, panda."
Siulizi nipande wapi.
Natoa ngazi nyuma ya tangi la maji,
naiegemeza kwenye bango la bei,
tarakimu za bati nimezikumbatia kama sahani za harusi.

Jiwe la Tororo bado ni weusi tu mgongoni mwangu.
Nang'oa nne, napachika tano.
Wiki ile tulipoishiwa sita
nilichukua tisa nikaipindua kichwa chini.
Haikulalamika. Bati halina watoto.

Kukikucha, wanaonitukana ni wale wale ninaowajua kwa majina.
Emuria wa bodaboda ananitazama, anatazama juu:
"Ochwo, jana ulikuwa binadamu."
Anaweka ya elfu tatu. Mshale wa geji
unatikisika kidogo kwa adabu, unalala tena.
Nyachwo na chupa yake ya mafuta ya taa,
anaiinua kwenye mwanga
kama anayepima dawa ya kifua ya mtoto.
Na Osinde, dereva wa ambulensi,
siku hizi kabla ya kuwasha gari huwauliza ndugu wa mgonjwa:
"Mna ya kwenda tu, au na ya kurudi?"

Wanasema mkono wangu ndio unaopandisha.
Kweli, ni wangu, una kovu la bati.
Lakini bosi naye hupigiwa simu,
na anayempigia hupigiwa.
Ngazi yangu ina vidato kumi na viwili,
haifiki huko.

Kila Ijumaa huja magari matatu ya Mheshimiwa.
Injini hazizimwi. Kioo kinashuka upana wa kidole,
kidole kinatoa vocha.
Vocha haisomi bango.
Vocha inajua lita tu, na lita haijapanda, ni lita ile ile.
Nami naandika daftarini, ndiyo kazi yangu:
tarehe, lita mia mbili arobaini, sahihi,
na sababu ya safari: *kutembelea wananchi.*
Mimi ni mwananchi.
Nimetembelewa na kidole.

Siku ya mkutano, uwanja wa shule ya msingi,
alizungumza kuhusu vita vya mbali, meli, dola,
bahari ambayo sisi hatuna.
"Mafuta," akasema, "hayatoki mfukoni mwangu."
Hapo nikasimama.
Sikuwa nimepanga. Nilikuwa na daftari kwapani
kwa vile nilitoka zamu moja kwa moja.
Nikasema, ni kweli, Mheshimiwa, hayatoki mfukoni mwako,
nikaanza kusoma.

Wakazima kipaza sauti. Lakini mimi ni mtu wa pampu,
miaka sita nazungumza juu ya ngurumo za malori ya mpakani.
Nikasoma Ijumaa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.
Watoto walihesabu kwa vidole, vikawaishia,
wakaazimana.
Nyachwo akaniambia nirudie ile ya Pasaka, nikarudia.
Kisha Osinde, ambaye huwa hasemi, akasema
kama mtu anayejihesabia mwenyewe:
"Ijumaa moja, safari ishirini.
Kwenda na kurudi."

Hakuna aliyepiga makofi.
Kila mtu alikuwa anamtafuta kichwani
yule wa kwao aliyepelekwa
kwa mafuta ya kwenda tu.

Mheshimiwa alitazama saa, akasema swali ni zuri,
atalijibu Ijumaa, kituoni, ana kwa ana.
Tulikuja wengi. Emuria alivaa shati la kanisani.
Tulikaa hadi taa za pampu zikawashwa, nzi wa usiku wakaja.
Hakuja.

Tumesikia sasa anajaza Malaba.
Bosi amenipunguzia zamu, ngazi bado ananiachia,
simu bado inalia saa kumi na moja.
Napanda.
Ila Malaba ninaye binamu, pampu namba mbili,
msichana mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu.
Juzi nimemtumia daftari jipya
na kalamu mbili, moja ikikauka.