Pishi

Msimu ule mikarafuu ilizaa mpaka matawi yakainama.
Limbani yote ikanuka karafuu, hata maji ya mtungini,
hata kofia ya baba iliyotundikwa nyuma ya mlango
pamoja na rozari yake.

Baba, Kosmas Nditi, msimamizi wa kambi,
Jumapili alisoma somo la kwanza kanisani Wete.
Tulikuwa watu kumi na wanane, watoto ndani,
yeye akasoma kama tuko elfu.

Jumatatu akashika pishi.

Ntakwambieni pishi ile ilivyokuwa:
kopo la bati, mkono wa waya,
kitako kimegongwa kwa ndani kikatokeza nje, kidogo tu,
kama shavu la mtu mwenye jino bovu.
Ukiiweka mchangani, huoni kitu.
Ukiiweka sakafuni, inatikisika.
Baba hakuiweka sakafuni.

Bi Mize Faki, aliyepanda mikarafuu tangu hajavunja ungo,
alimimina pakacha lake, akahesabiwa:
tano, sita, na kasoro.
"Mikono yangu inanambia saba."
Baba akacheka. "Mikono haijui hesabu, bibi."
Hakugomba. Alijifunga kanga vizuri,
akasema kama anayeuliza njia:
"Na huko kanisani kwenu, Mungu mnampimia kwa pishi hiyo hiyo?"

Mama alikuwa jamvini, anachambua makonyo.
Alisikia.

Mama yangu Skolastika hakujua kusoma,
kitabu cha nyimbo alikishika kichwa chini miguu juu.
Usiku ule hakupiga magoti.
Nilimwona, mimi niliyejifanya nimelala:
alichukua pishi, akaifudikiza juu ya kinu,
akatwaa mchi.
Ko. Ko. Ko.
Baba akagutuka. "Unafanya nini, mke wangu?"
"Nasali," akasema,
akaendelea kugonga.

Asubuhi akatoa fedha za kuezekea nyumba,
noti zilizokunjwakunjwa ndani ya soksi,
akanishika mkono, tukaenda mlango hadi mlango.
Hakuhubiri. Alisema maneno mamoja kwa wote:
"Pishi yetu ilikuwa mbovu. Hizi ni zenu."
Wengine walipokea kimya.
Kombo Hamad alitutukana mpaka nikaficha uso.
Mama akaitikia, "Ni kweli,"
akaweka noti juu ya baraza, akaweka na jiwe, zisipeperuke.

Bi Mize alihesabu mara mbili.
Kisha akarudisha noti moja.
"Umezidisha. Haki yangu naijua mwisho wake.
Usije ukanifanya nami nikadhulumu."
Mama alicheka, mara ya kwanza msimu ule,
wakakaa kitako wawili hao wakamenya muhogo
na sikumsikia hata mmoja akitaja dini.

Baba hakwenda kambini siku mbili.
Sitamsingizia: hakutubu mbele ya watu.
Siku ya tatu aliiweka pishi juu ya saruji,
ikatulia.
Akaijaza, akapangusa juu kwa kiganja, taratibu,
kama mtu anayemfuta mtoto uso.
Jumapili alimwachia mwingine kusoma,
akakaa nyuma, karibu na mlango.
Nyumba yetu ilivuja mvua mbili za masika.

Nimesikia mahubiri mengi tangu hapo,
mengine mazuri, mengine marefu.
Pishi nimeirithi mimi. Napimia mchele sokoni.
Mchi wa mama ulipitiliza,
kitako sasa kimebonyea kwa ndani, kwa hiyo inapunja,
kidogo tu, hakuna mteja anayeona.

Kila nikimimina
naongeza konzi.