Hatua Kumi na Moja

Toka mlango wa jikoni hadi mferejini
ni hatua kumi na moja. Za Wietske ni ishirini na sita:
nimezihesabu nyuma yake, mkono tayari.

Jumatano, Leeuwarden, bwawa la ndani.
Kavaa sweta, jinzi, viatu vya kamba.
"Maji hayakungoji uvue," asema mwalimu Gerbrich,
na bila kuhesabu, anamsukuma.

Niko nyuma ya kioo chenye ukungu.
Kahawa imenipoa kiganjani.

Sweta linakunywa, linavimba, linashuka naye.
Moja.
Mbili.
Gerbrich kafumbata mikono. Simpendi hata chembe.

Tatu, na uso unaibuka, mwekundu kwa hasira,
anajigeuza chali mwenyewe, kama andazi karaini:
masikio majini, tumbo juu, anapumua.
Halii. Anatazama dari
kama mgeni aliyewahi karamuni.

Usiku natia makomeo yote mawili.
Nje mfereji unajiendea, haujui kitu.
Nazihesabu tena hatua, nikiwa kitandani,
nalala kwenye ya tisa.

Juu ya hita, viatu vyake
bado vinadondosha.